Cherehani cha Kila Mfadhili

Ripoti ilikuwa nene, na katibu wa shirika la kusaidia wajane alikuwa ameazimia kuisoma yote. Ukumbi ulikuwa na feni mbili, moja ikizunguka na nyingine ikimtazama mwenzake. Wafadhili walikaa mbele, kwenye viti vyenye mito. Nyuma kabisa, karibu na birika la chai, alikaa mwanamume aliyevaa tai nyekundu ambaye hakuwahi kumsaidia mjane yeyote. Alikuwa amefuata chai.

Mtaani walimwita Tai. Waliompenda walikuwa na maana ya kile kitambaa cha shingoni. Waliowahi kumkopesha walikuwa na maana ya ndege.

Katibu alipofika kwenye jedwali la mafanikio, mzee mmoja wa safu ya mbele alinyoosha mkono. Alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi na watu walimwita Bwana Saruji, naye hakukataa.

"Ndugu katibu, samahani. Hiyo asilimia uliyoitaja ina sura gani?"

"Sura, mzee?"

"Sura. Mwaka jana nilitoa pesa zangu. Mpaka leo hajatokea mtu mmoja akaniambia, mzee, nilikuwa hivi, sasa niko hivi, na ni wewe. Mnanipa namba. Namba ninazo dukani."

Katibu alieleza kwamba shirika haliwaaniki watu na shida zao mbele ya wageni, kwamba maisha ya mtu hayabadiliki kwa msimu mmoja, na kwamba si kila lililobadilika limebadilishwa na shirika. Yote matatu yalikuwa kweli, na hakuna lililomsaidia. Wafadhili walimpigia makofi ya watu wanaotafuta funguo za magari yao.

Tai aliiacha chai yake ipoe. Katibu, alijiambia, ana msaada lakini hana sura. Mtu mwenye sura bila msaada angekuwa na biashara nzuri zaidi, kwa sababu kwenye kazi hii msaada ndio wenye gharama.

Sura alikuwa nayo nyumbani. Dada mkubwa wa mke wake alifiwa na mume, akaja kuishi kwao, na Tai alimpa chumba cha uani alichokuwa akiweka matairi chakavu. Matairi hayakuhamishwa. Chumba kilikuwa na pazia mahali pa mlango, na kila shemeji yake alipouliza habari ya mlango, Tai alimkumbusha bei ya mbao. Mama huyo hakuwa mtu wa kuomba mengi. Alitaka mlango wake mwenyewe, wenye kitasa, unaofungwa kwa ndani. Hilo alilitaka asubuhi na jioni, na hakulificha.

"Shemeji," Tai alimwambia jioni ile, akiwa amekaa juu ya tairi, "wewe ni mjane."

"Nakumbuka."

"Usinielewe vibaya. Nasema ujane wako una soko. Kuna watu wanatafuta mjane aliyepewa cherehani akainuka."

"Sijapewa cherehani."

"Utapewa. Si cha kukaa nacho, cha kuonekana nacho. Wanakuja, wanakuona unashona, unawaeleza, wanafurahi, wanaondoka. Mwingine anakuja."

"Na mimi napata nini?"

"Shemeji, unakula wapi?"

"Kwako."

"Unalala wapi?"

"Penye matairi yako."

"Basi tumeelewana."

Mama alikunja nguo aliyokuwa akiikunja. "Hawawezi kunikuta hapa," alisema. "Mtu aliyeinuka hanuki mpira. Kuna chumba cha barabarani, nyuma ya kinu cha unga, kina mlango. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, hapendi wanaume wenye maneno mengi. Kodi nipe mimi, nitampelekea."

Tai aliona hiyo ni akili. Hakupenda kujulikana na wenye nyumba.

Kwa hiyo likaanzishwa shirika lililoitwa Tuone, lenye ofisi ya meza moja juu ya duka la viatu. Cherehani kilinunuliwa kwa muuza vyuma. Kilikuwa cheusi, kizito, chenye meza ya mbao, na kilikosa mambo machache tu ambayo mtu asiyeshona asingeyajua. Mbele ya meza Tai alifunga kwa skrubu kibao cha shaba kilichochongwa jina la Bwana Saruji. Kisha akamfundisha shemeji yake kazi.

"Ukifika kwenye zamani, tazama chini. Ukifika kwenye sasa, tazama mlangoni, kwenye mwanga. Machozi yasianguke, yasimame tu. Yakianguka wageni wanaona haya, wanaondoka mapema."

"Na nikiulizwa nashona nini?"

"Hawaulizi. Wanaangalia uso."

Hawakuuliza. Bwana Saruji alisimama katikati ya chumba, akasoma jina lake kwenye shaba, akamsikiliza mama akitazama chini na kisha mlangoni, akatoa leso. Alisema miaka yote amekuwa akitafuta kitu hiki. Akatoa pesa za cherehani, pesa za usimamizi, na pesa za jambo ambalo Tai aliliita ufuatiliaji na ambalo hakuna aliyemwomba alifafanue.

Wiki iliyofuata, kibao kilifunguliwa kwa bisibisi na kingine kikafungwa, na mfadhili mwingine, Daktari wa Meno, akasoma jina lake. Naye alitoa leso. Kisha akaja mmiliki wa kiwanda cha magodoro, kisha mke wa wakili, kisha wengine. Cherehani kilikuwa kimoja, mjane mmoja, hadithi moja, na vibao vilikaa kwenye droo ya Tai vikiwa vimepangwa kwa herufi. Kwa haki ni lazima isemwe kwamba hakuna mfadhili aliyedanganywa kuhusu alichokuja kukiona. Kila mmoja alikuja kujiona mwenyewe, na akajiona.

Ndipo alipopanda ngazi za ofisi mama mmoja wa makamo, viatu vya chini, miwani ya kamba, bahasha ndogo mkononi.

"Mimi ni mkaguzi mstaafu," alisema. "Mchango wangu si mkubwa. Ila napenda kuona pesa inakwenda wapi."

Mtu mwingine wa kazi ya Tai angemrudisha na bahasha yake. Tai alifikiri zaidi, na hapo ndipo lilipo kosa, kwa sababu lilikuwa kosa la mtu mwenye akili. Alitazama ile miwani, akawaza: nikimpakia huyu kwenye gari pamoja na wafadhili, nani ataniuliza swali? Ukaguzi ninao, umekaa kiti cha nyuma. Tangu siku hiyo hakufanya ziara bila Mkaguzi, na alimtambulisha kwa wageni kama mtu anavyoonyesha cheti ukutani.

Cheti hiki kilikuwa na mdomo.

Ziara yake ya kwanza aliinama kando ya cherehani, Bwana Saruji akiwa nyuma yake. "Mama, hakina uzi," alisema.

Mama aliacha kukanyaga. Tai akaingia kati. "Yuko mazoezini, Bi Mkaguzi. Uzi unakuja hatua ya pili."

"Ana muda gani na hatua ya kwanza?"

"Mabadiliko hayana haraka."

"Sina haraka mimi. Nauliza tu. Hapa nimeona mtu ana cherehani. Sijaona tofauti. Tofauti ni nguo."

Bwana Saruji alikuna kidevu. Alisema kwa kweli na yeye angependa kuona nguo. Tai akaahidi nguo, na kwa kuwa shemeji yake hakujua kushona hata kitambaa cha mezani, ikabidi amlipie ada kwa fundi wa mtaa wa pili. Alilipa huku akijiambia kuwa ni gharama ya uzalishaji. Cherehani nacho kikatengenezwa, maana kushona kwa kweli kunahitaji yale mambo machache yaliyokuwa yamekosekana.

Ziara ya pili palikuwa na magauni matatu kwenye msumari. Mkaguzi aliyapapasa mishono.

"Kazi nzuri. Ya nani haya?"

"Ya wateja," alisema Tai.

"Wako wapi?"

Tai akaenda kutafuta wateja. Aliwapa pesa majirani waende kushonesha nguo kwa shemeji yake kana kwamba wameamua wenyewe. Walikwenda, wakashonewa, wakaridhika, na baadaye wakarudi bila kulipwa na Tai, jambo ambalo hakuligundua kwa sababu aliacha kuangalia mara tu alipoacha kulipa.

Ziara ya tatu Mkaguzi alivua miwani, akaisogeza karibu na meza ya cherehani.

"Mbona mbao hii ina matundu mengi hivi?"

"Wadudu," alisema Tai.

"Wadudu wanaotoboa mbilimbili, umbali uleule?"

"Hawa wa mjini wana mpangilio."

Daktari wa Meno, aliyezoea kuangalia matundu, naye akainama. Tai alilegeza tai yake. Ni shemeji yake aliyemwokoa, bila kuinua kichwa kutoka kwenye pindo alilokuwa akilipiga.

"Kibao nilikuwa nakipachika juu, kikagonga goti. Nikakishusha, kikagonga tena. Jina la daktari ni zito, linahitaji mahali pake."

Daktari alicheka, akasimama wima. Mkaguzi akarudisha miwani. "Basi nashauri jambo," alisema. "Kila mtu anakuja siku yake, mafuta ya gari yanaungua bure. Ziara ijayo tuje wote pamoja. Kila mfadhili asimame kwenye cherehani chake. Picha itakuwa nzuri."

Wazo la picha lilimfurahisha daktari. Jioni lilikuwa limemfikia Bwana Saruji, naye lilimpendeza zaidi, kwa sababu alikuwa na jambo lake mwenyewe. Alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wafanyabiashara, na umoja ulikuwa na mfuko wa misaada uliokaa benki miaka kadhaa kwa sababu wanachama hawakukubaliana wampe nani. "Nikiwaonyesha picha hiyo," alimwambia Tai kwenye simu, "mfuko wote unakuja kwenye kazi hii. Wote, kijana wangu. Ila niwaonyeshe kitu kinachosimama chenyewe. Wale si watu wa maneno."

Tai hakulala vizuri, na si kwa dhamiri. Alikuwa akipiga hesabu. Mfuko ule ungemtosha kuhama mji, kununua jina jipya na gari. Kati yake na mfuko palikuwa na vyerehani vichache tu. Alijaribu kuvikodi. Hakuna aliyekodisha. Akauza pikipiki yake, akauza matairi, yakiwemo yale ya chumba cha uani, akachukua akiba iliyotokana na leso za wafadhili, akanunua vyerehani vya kweli, kimoja kwa kila kibao.

"Vitashonwa na nani?" aliuliza mke wake. "Dada ana miguu miwili."

"Nina wenzangu," alisema shemeji kutoka uani. "Nilijifunza nao kwa fundi. Hawana pa kukaa na kazi."

"Watataka kulipwa?"

"Watalipwa na nguo, shemeji. Wewe usihangaike."

Siku mbili kabla ya ziara, Mkaguzi alipanda tena zile ngazi. Alisema ana wasiwasi kidogo. Watu wa umoja wataulizia uendelevu.

"Ndio nini?"

"Wewe ukiondoka, kinabaki nini. Watauliza chumba ni cha nani. Ukiwaambia ni cha shirika, watasema mama amewekwa tu kama kinyago. Mkataba ukiwa kwa jina lake, na kodi imelipwa miaka miwili mbele, hapo watafunga midomo."

"Miaka miwili, Bi Mkaguzi?"

"Mwaka mmoja unaonekana kama maonyesho."

Tai alimtazama mwanamke huyu kwa chuki iliyochanganyika na heshima. Kisha akaufikiria mfuko, akampa shemeji yake kodi ya miaka miwili ampelekee yule mama asiyependa wanaume wenye maneno mengi. Vyerehani navyo, kwa ushauri uleule, viliandikishwa kwa jina la mama. Karatasi ni karatasi, Tai alijiambia. Huyu ni shemeji yangu, anakula kwangu.

Ziara ilifana. Vyerehani vilisimama mstari mmoja vikinguruma, kila kimoja na kibao chake, na kila mfadhili alisimama kwenye jina lake akapigwa picha. Palikuwa na wateja watatu wakisubiri na mmoja akigombana kuhusu mkono wa blauzi, na ugomvi ule ndio uliowagusa sana watu wa umoja, kwa kuwa walikuwa wafanyabiashara na walijua hakuna anayelipwa kugombana vizuri namna ile. Mama alieleza habari yake. Safari hii hakutazama chini wala mlangoni. Alimtazama Bwana Saruji usoni, akamwambia kitambaa cha suti yake ni kizuri lakini fundi wake anamwibia kwenye mabega.

Bwana Saruji alisimama kutoa hotuba. Tai alinyoosha tai yake.

"Nilitaka kuona sura," alisema Bwana Saruji. "Nimeiona. Umoja umeridhika, na mfuko unatoka." Akawaacha wafurahi. "Lakini Bi Mkaguzi ametuuliza swali njiani, na sisi wenyewe tumeona aibu kuwa hatukulifikiria. Mama huyu ana chumba, ana vyerehani, ana mafundi, ana wateja. Ya nini pesa zipitie ofisini juu ya duka la viatu? Mfuko unakwenda kwake moja kwa moja. Na ndugu yetu wa Tuone, tunamshukuru sana. Kazi ya shirika zuri ni kufika siku ambayo halihitajiki. Wewe umefika mapema."

Makofi yalikuwa ya kweli. Tai naye alipiga, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama.

Wageni walipoondoka alibaki mlangoni.

"Shemeji," alisema polepole, "tuongee kama watu wa nyumba moja."

"Tuongee."

"Wewe unajua na mimi najua kuwa haya yote ni uongo."

Mama alikata uzi kwa meno. "Uongo upi? Onyesha."

Tai alitazama chumbani. Alimwona mjane anayeshona. Aliona vyerehani, na kila kimoja kilikuwa cha mfadhili aliyeandikwa juu yake. Aliwaona wateja. Alizungusha macho mara mbili akitafuta kitu kimoja cha uongo ambacho angeweza kukishika mkono na kukipeleka kwa Bwana Saruji, na kitu pekee alichokipata kilikuwa kimevaa tai.

"Basi nirudishie japo kodi," alisema. "Ile ya mbele."

"Kodi sina mimi. Anayo mwenye nyumba. Nenda kamwombe, nyumba ya nyuma, mlango wa kijani. Bisha kwa adabu."

Alizunguka nyuma, akabisha kwa adabu. Mlango wa kijani ulifunguliwa na mama wa makamo aliyevaa kandambili, kikombe mkononi, miwani ikining'inia kwa kamba.

"Nilidhani utakuja mapema zaidi," alisema Mkaguzi. "Ingia, au simama hapohapo, vyovyote."

Tai alisimama hapohapo. Swali alilolipata halikuwa zuri.

"Ile bahasha. Mchango wako."

"Ilikuwa kodi yako ya mwezi wa kwanza. Nilikurudishia ili nipate kiti kwenye gari."

"Na ukaguzi? Nao uongo?"

"Hapana, nilikuwa mkaguzi. Wa tiketi, kwenye treni. Hukuuliza wa nini." Alikunywa kidogo. "Kazi ile haina mambo mengi. Unajifunza kitu kimoja tu, uso wa mtu aliyepanda bila tiketi. Shemeji yako alikuja kupanga, nikamuuliza nani analipa, akanieleza bila kuficha. Akasema anataka mlango. Nikamwambia, ngoja nikamwone huyo bwana. Uliponifungulia mlango wa ofisi nikauona uso."

"Mmeniibia."

"Kipi? Mimi nimepata wapangaji wanaolipa. Yeye amepata mlango. Wale wazee wamepata walichokilipia, na kwa watu wa aina yao ni mara chache. Kama kuna aliyeibiwa, nenda polisi ukaeleze ilikuwaje, kuanzia mwanzo."

Tai hakwenda polisi. Alikwenda nyumbani, akakuta chumba cha uani kitupu, hakina mtu wala matairi, pazia likipepea. Mke wake alimwambia dada amehama, na kwamba kuanzia leo na yeye anakwenda kushona, na kwamba anayetaka kula anajua kazi iko wapi.

Alishikilia msimamo kwa siku kadhaa. Mtu mwenye ulimi mzuri anaweza kuishi bila pesa, bila pikipiki na bila ofisi, lakini si mbele ya jiko lisilowashwa. Asubuhi moja alionekana kwenye mlango wa chumba cha barabarani, akaulizwa na shemeji yake kama anajua kupiga pasi, akajibu kwamba anaweza kujifunza. Walimpa pia kazi ya kusimama nje na kuita wateja. Aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuitwa kwenye kazi hiyo, na kwa mara ya kwanza bidhaa aliyoisifia ilikuwepo.

Mwaka ulipozunguka, wafadhili walirudi kuona tofauti. Bwana Saruji alipita kwenye mstari wa vyerehani, akasoma jina lake, akauliza habari za mafundi mmoja mmoja. Mwisho alimfikia mtu wa pasi, aliyekuwa amegeukia ukuta. Shati lake halikuwa na kitu shingoni, kwa sababu tai nyekundu ilikuwa imekatwa ikawa kamba ya kupimia kola. Bwana Saruji alikuwa na macho mabovu na alizoea kuwatambua watu kwa nguo.

"Na huyu?"

"Huyu ni wa mwisho kupokelewa," alisema mama. "Alipokuja hakuwa na kazi yoyote ya maana. Kula, kulala, maneno. Mwangalieni sasa."

"Ndiyo ninayoisema mimi siku zote," alisema Bwana Saruji, na leso ikatoka. "Sura. Hebu geuka, kijana, tukupige picha."

Tai aligeuka na pasi yake mkononi. Mpiga picha akasogea. Mama akainama kana kwamba anaokota kipande cha kitambaa, akamnong'oneza:

"Shemeji, kwanza tazama chini."

Akatazama chini.

"Sasa mlangoni."

Akatazama mlangoni. Ulikuwa mlango mzuri, wa mbao ngumu, na kitasa chake kilikuwa kipya. Machozi yalisimama yenyewe, hayakuanguka, na wote waliokuwepo walikubaliana kwamba huyu hakuwa anaigiza.